Simu ya kwanza ya kijana: iwe ya nani, ilale wapi, na uiandae vipi kabla ya kumkabidhi

Haipiti wiki bila mzazi kuja kibandani kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, na simu isiyo yake. Huiweka mezani kifudifudi, huchungulia kichochoroni kama kuna anayepita, kisha hushusha sauti: "Fundi, nakuomba unifungulie. Nataka kuona yaliyomo." Simu ni ya binti au kijana wake wa miaka 15. Ameipokonya jana usiku, kumekuwa na kilio, na nyumbani hakuna anayesemezana na mwenziwe.

Kazi hiyo siifanyi. Kwanza, simu za siku hizi ukizilazimisha hufunguka tupu, kila kilichokuwamo kimefutika. Pili, mzazi huyu alitoa funguo zote siku aliponunua simu, asibakishe wa akiba, na leo anataka nimchongee wa wizi.

Nimekuwa fundi wa simu zaidi ya miaka kumi, na kwenye kona ya kibanda nina kompyuta mbili za saiba. Nyumbani nina watoto watatu, wawili wameshafika umri wa kuuliza "Baba, yangu lini?" Wazazi hupenda kubishana kama kijana apewe simu au asipewe. Mimi naona ugomvi wote umo ndani ya hilo neno "apewe". Mtoto wa mvuvi huachiwa dau la babake, akaenda nalo kutwa na akarudi nalo. Hajawa mwenye dau. Haliuzi, halikodishi, na siku bahari ikichafuka akiambiwa leo hapana, ni hapana. Simu nayo inaweza kukaa mkononi mwa kijana kila siku na bado ikawa ya nyumba. Yote yanayofuata hapa yametoka kwenye jambo hilo moja.

Kwanza uliza simu ina kazi gani

"Wenzangu wote wanazo" si kazi. Mtoto anayevuka kwa boti kutoka Mokowe kuja shule kisiwani, huyo ana kazi ya simu: kusema nimefika, nimechelewa, boti imejaa. Kazi hiyo inafanywa vizuri kabisa na kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na ikitumbukia majini hakuna wa kukaa matanga. Aliye shule ya bweni kwa kawaida haruhusiwi simu huko, kwa hiyo unayomnunulia itaishi kabatini mpaka likizo. Mwenye kazi za shule zinazotaka kutafuta mambo kwenye intaneti anahitaji kifaa kwa saa moja au mbili jioni, na hapo simu ya mama au kompyuta ya sebuleni inatosha.

Kipimo changu ni hiki. Chini ya miaka 13, hapana. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zimeandika 13 kuwa umri wa chini. Kuanzia 13 hadi 15, kabambe yake mwenyewe, na simu janja moja ya nyumba inayotumiwa sebuleni. Kuanzia 16, simu janja ya kutembea nayo, kwa masharti. Australia wameenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria yao inazitaka kampuni za mitandao mikubwa ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Kwetu mlinzi wa mlango ni mzazi.

Umri pekee haukwambii kila kitu. Mwanangu wa pili alipoteza ufunguo wa nyumba mara tatu kwa mwezi mmoja. Simu yake ilisogezwa mbele miezi sita na hakuwa na la kujibu.

Jambo moja wazazi wenzangu hawapendi nikilisema. Nyumba nyingi hapa, kijana wa kiume hupata simu akiwa na 14, na dadake mwenye 16 huambiwa asubiri akiolewa. Sasa njoo ukae kibandani kwangu wiki moja. Utamwona msichana ametoa simu kwenye mkunjo wa buibui, kioo kimepasuka, anataka itengenezwe papo hapo kwa sababu haiwezi kulala kwangu, na nikimwomba nambari ya kumpigia hana ya kunipa. Simu hiyo amenunuliwa na mtu. Laini pia. Aliyemnunulia ndiye anayejua nenosiri lake, na hapo wewe baba umekosa usemi wote uliokuwa unaulinda. Masharti yakiwa sawa kwa wote wawili, binti hana sababu ya kumtafuta wa kumpa.

Ukinunua ya mtumba

Simu mpya ya bei ya chini mara nyingi hufanya kazi polepole kuliko ya mtumba iliyotunzwa. Angalia nafasi isipungue 64GB, maana ya 32GB hujazwa na video za WhatsApp kabla ya muhula kwisha. Bonyeza *#06# uone nambari ya utambulisho wa simu, kisha uilinganishe na iliyo kwenye boksi au risiti. Asiyekuwa na hata kimoja, mwache aende zake na simu yake.

Kinachowaliza watu zaidi ni akaunti ya mwenye zamani. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, aifute simu yote, kisha uiwashe na uingize akaunti yako mpaka ifike ukurasa wa mbele. Ndipo utoe pesa. Bila hivyo utaniletea simu inayomdai mtu usiyemjua nenosiri, nami sitakuwa na dawa.

Simu za kulipa kidogo kidogo ziangalie kwa makini. Ukichelewesha malipo hujifunga, na mtoto huanza kuhangaika kutafuta pesa za kuifungua. Kama huwezi kununua taslimu, subiri.

Nunua kava nene siku hiyo hiyo. Nimeshabadilisha kioo kilichokanyagwa na punda.

Laini ni yako, na umri pia ni wako

Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo laini yake husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Wengi hulichukulia jambo dogo. Fikiria maana yake: ikiwa laini iko kwenye kitambulisho chako, huko upande wa pili wanakoitazama wanamwona mtu mzima. Kampuni ya kamari inamwona mtu mzima, ingawa sheria ya Kenya inataka anayecheza awe na miaka 18. Programu ya mikopo inamwona mtu mzima, na deni likija linabisha mlangoni kwako.

Kwa hiyo fanya haya. Piga *106# uone nambari za mtandao huo zilizosajiliwa kwa jina lako. Utashangaa, huenda moja ilisajiliwa na mpwa wako miaka mitano nyuma. Kisha, kama laini ya mtoto ina M-Pesa, pini uiweke wewe na ubaki nayo kichwani. Akitumiwa pesa na ami yake, mnakwenda kuzitoa pamoja. Sijaona kijana wa miaka 15 aliyepata hasara kwa kukosa pini, lakini nimeona karo ya muhula ikiruka na ule mchezo wa kamari wa kindege, shilingi hamsini hamsini, ndani ya siku nne.

Saa moja ya kuiandaa, kabla ya kuikabidhi

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikae niandike, kwa hiyo nisomee polepole.

Fungua akaunti ya Google ya mtoto kwa mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa. Hapa nakiri dhambi yangu. Kwa miaka mingi, kila aliyekuja saiba kufunguliwa barua pepe nilimwandikia 1990 ili tumalize haraka. Nikamfanyia hivyo hivyo mwanangu wa kwanza. Baada ya wiki chache nilimkuta anatazama mpira kwenye simu, na katikati ya kila video kunapita matangazo ya beti. Hakuwa ameyatafuta. Mtandao ulidhani unaongea na mwanaume wa thelathini na kitu. Nikaifuta akaunti, nikafungua nyingine ya kweli. Ukiandika umri wa kweli kwenye kila akaunti, mambo kadhaa hujipanga yenyewe: akaunti ya TikTok ya mwenye miaka 13 hadi 15 huanza ikiwa ya faragha na haina ujumbe wa moja kwa moja, na Instagram nayo huweka vijana kwenye akaunti maalumu ambazo aliye chini ya 16 hawezi kuzilegeza bila mzazi. Ukidanganya umri, umemvua kinga hizo kwa mkono wako.

Ukishapata akaunti, pakua Family Link ya Google kwenye simu yako na uunganishe na ya mtoto. Itakuwezesha kuidhinisha kila programu anayotaka kupakua, kuweka kikomo cha saa kwa siku, na kupanga saa simu ifunge usiku. Kwa aliyefika 13, usimamizi huu huwekwa akiwa hapo na akikubali. Wazazi wengine hilo huwakera. Mimi nalipenda, kwa sababu linawalazimisha wawili hao wakae kwenye mkeka mmoja na waambiane.

Kisha ziba picha chafu. Njia rahisi ninayoijua haina malipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao na intaneti, tafuta DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, na uandike family.cloudflare-dns.com. Hifadhi. Kuanzia hapo tovuti nyingi za uchafu na za virusi hazifunguki, iwe anatumia bando au waifai ya jirani. Inakubali kwenye Android 9 na kuendelea. Kijana mjanja ataweza kuikwepa kwa programu ya VPN, inayopitisha intaneti yake njia nyingine, na ndiyo sababu upakuaji unapita kwako kwanza.

WhatsApp inataka dakika tano. Kwenye faragha, sehemu ya makundi, ruhusu walio kwenye anwani zake pekee kumwingiza kwenye kundi. Picha yake na statasi zionwe na anwani zake tu. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, utaokoa bando na nafasi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ile pini ya tarakimu sita, na umwambie kwamba nambari yoyote ya siri inayokuja kwa ujumbe mfupi haiambiwi mtu, hata akisema ni mwalimu.

Wapo wanaoniomba niunganishe WhatsApp ya mtoto kwenye simu yao kisirisiri. Sifanyi. Siku atakapofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa ataiona, maana haijifichi, na kuanzia siku hiyo atakuwa na simu mbili: moja ya kukuonyesha na nyingine usiyoijua. Mwambie wazi kwamba nenosiri la simu unalo na kwamba siku yoyote unaweza kuiomba muitazame pamoja. Kisha usiiombe kila siku.

Karatasi na kapu

Siku ya kumkabidhi, chukueni karatasi ya daftari na kalamu. Mwache kijana aandike yeye, kwa mwandiko wake. Yetu ina mistari minane na imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, imeshaanza kupata alama za mchuzi. Ya kwanza inasema simu ni ya nyumba. Nyingine zinahusu madrasa, wakati wa chakula, bando la wiki, na nani hulipa kioo kikipasuka. Nusu yeye, nusu mimi, na ufundi bure.

Mstari ninaoupigania kuliko yote ni wa pili: simu hailali chumbani. Juu ya friji yetu kuna kapu la ukili alilosuka nyanya yao, na saa tatu kasorobo usiku simu zote huingia humo. Yangu pia, jambo lililonigharimu zaidi kuliko lilivyowagharimu wao. Piga hesabu mwenyewe. Madaktari wa usingizi hutaka kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuswali, ili apate hizo 8, lazima saa tatu usiku awe ameshafumba macho. Atakwambia anaitaka simu kwa ajili ya alamu. Kwa mji kama wetu wenye misikiti mingi, iliyopangana mtaa kwa mtaa, hoja hiyo isikutikise. Ramadhani tunaandika karatasi nyingine, kwa sababu watu wanalala baada ya tarawehe na wanaamshana daku. Ukitaka ratiba ya Rajabu iendeshe Ramadhani, utavunja masharti yako mwenyewe usiku wa kwanza.

Kuhusu bando, nunua la wiki na likiisha limeisha. Hapo ndipo utagundua waifai za watu. Pita usiku baada ya isha vichochoro vya nyuma ya nyumba za wageni: utaona vijana wamejipanga barazani kama kunguru juu ya waya, nyuso zimemulikwa, hakuna anayezungumza. Kila mmoja anajua nenosiri la nyumba gani limebadilika na lipi bado. Ukiona mwanao amekuwa mpenzi wa kusalimia mashangazi wanaoishi upande mmoja tu wa mji, uliza kuna waifai ya nani.

Waifai hiyo ina jambo zito nyuma yake. Mji wetu, kama Malindi, ni wa wageni. Wengi ni watu wema, huja na hurudi. Wapo wanaobaki kwenye simu ya mtoto baada ya ndege kuondoka, kwa zawadi ndogo ndogo, bando, viatu, kisha ombi la picha. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono kwenye utalii wa pwani yetu, na Malindi ilikuwamo. Wakati huo simu janja zilikuwa bado hazijaenea. Mwambie mwanao, bila kupaka sukari: mtu mzima anayetaka urafiki wa siri na mtoto ana sababu, na yeyote anayesema "usimwambie mama" ndiye wa kwanza kuambiwa mama.

Likitokea la kutokea

Mtoto akija mwenyewe kukwambia kwamba mtu ana picha yake na anamtishia, usimpige na usiivunje simu. Najua mkono utawasha. Ukiivunja umevunja ushahidi. Msilipe hata shilingi, kwa sababu anayelipwa hurudi. Pigeni picha za skrini za ujumbe, nambari, jina la akaunti na tarehe, ndipo mzuie mtu huyo na mripoti akaunti yake. Pigeni 116, laini ya bure ya msaada kwa watoto Kenya, kisha mwende polisi na ushahidi wenu.

Upande wa pili pia una hatari, na vijana wa kiume hawaujui. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inahesabu kusambaza picha za aibu za mtu kuwa kosa, na zikiwa za mtoto adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 25. Kijana aliyepokea picha ya mwanafunzi mwenziwe kwenye kundi la darasa na akaipeleka mbele "kwa mchezo" yumo humo. Kwetu Lamu kuna na picha za mashambulizi. Tangu shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, tumeona sauti na video zikizunguka saa chache baada ya kila tukio, nyingi za kale au za nchi nyingine, na watu wa mbali wanaowatafuta vijana wenye hasira hupitia njia hizo hizo. Nyumbani kwangu amri ni moja: habari ya damu haisukumwi mbele, na anayekuandikia faraghani baada ya kuitazama hajibiwi.

Kompyuta ni rahisi zaidi kuliko mnavyoogopa

Wazazi wengi hununua simu kwanza na kompyuta hawaifikirii. Mimi ningepindua. Kompyuta haiingii mfukoni, haiendi barazani, na ukiiweka sebuleni skrini ikitazama mlango, hakuna haja ya ulinzi mwingine mwingi. Tena kijana atakayejua kuandika kwa vidole kumi na kutengeneza hesabu kwenye jedwali atapata kibarua mjini kabla ya mwenziwe mwenye simu ya bei ghali.

Laptopu za mtumba zinazoletwa kutoka Mombasa zinafaa, lakini uliza umri wake. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazipokei Windows 11 kwa njia ya kawaida. Hizo si za kutupa: wekeni Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure na ni nyepesi. Tafuta yenye memori ya 8GB na diski ya SSD. Mtoto mfungulie akaunti ya kawaida, wewe ubaki na ya msimamizi, ili hakuna programu inayowekwa bila nenosiri lako. Na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo betri ya laptopu ipimeni kabla ya kununua. Ikidumu chini ya saa moja, ombeni mpunguziwe bei.

Kila baada ya miezi mitatu karatasi yetu hutoka kabatini. Mkubwa sasa ana 17, ameshaondolewa kikomo cha saa na idhini ya programu. Kapu bado. Amejaribu kulijadili mara mbili kwa ufasaha mkubwa.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa pwani, jueni la mwisho: simu ikitumbukia baharini usiiwashe, usiitie chaji, na mchele waachieni wapishi. Chumvi ndiyo inayoila, na huanza kuila saa ile ile. Izimeni, toeni laini, isuuzeni kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi, ifuteni, na mniletee siku hiyo hiyo. Na kijana asiniambie ilinyeshewa na mvua. Nikiifungua, chumvi naiona.